Kabla ya kuilaumu kompyuta, tuikague sensa ya krenki

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala iliyotoka katika ukurasa wenu wa magari kuhusu vijana wa Kampala wanaozijenga upya injini kuukuu ili zizunguke kwa kasi kubwa. Mwandishi wake alihitimisha kwamba injini nyingi za namna hiyo hufa kwa sababu wenye magari wameng'oa kompyuta ya kiwandani, ile inayoamua petroli na moto wa injini, na kuweka kompyuta za bei nafuu zinazorekebishwa kwa laptopu. Naomba nafasi ya kuipinga hoja hiyo. Kompyuta hizo siziuzi, wala sina ndugu anayeziuza, lakini nimekuwa fundi wa umeme wa magari hapa Ndeeba kwa miaka mingi, na nimeona jinsi kila pistoni inayotoboka inavyotafutiwa mchawi, na mchawi wa siku hizi amekuwa kompyuta. Kwa ninavyoona mimi, kosa hutokea mapema zaidi, kabla kompyuta haijaulizwa lolote, kwenye kipande cha chuma chenye meno na sensa ndogo inayokitazama.

Nianze na hesabu, maana bila hesabu mabishano ya gereji hayaishi. Injini ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) hukamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 7.5, na kwa kuwa mzunguko una digrii 360, digrii moja hupita kwa takriban maikrosekunde 21. Katika muda huo kompyuta inatakiwa kuwasha plagi wakati pistoni bado imebakiza kiasi fulani kufika juu, tuseme digrii 28, na ifanye hivyo bila kuiona pistoni, bila kuiona krenki na bila kuusikia mlio wa injini. Inachopokea ni mawimbi ya umeme yanayoletwa na waya wa sensa. Waya huo ukileta habari za uongo, kompyuta itafanya kazi yake kwa uaminifu wote juu ya uongo huo, na laptopu itaonyesha tarakimu nzuri zisizo na uhusiano wowote na kinachotokea ndani ya silinda.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuinama chini ya boneti, nieleze kidogo. Kwenye puli ya krenki hufungwa gurudumu la chuma lenye meno, na mbele yake huwekwa sensa. Mpangilio unaotumika sana na watu wa bajeti ndogo ni ule wa nafasi 36 ambapo jino moja limeondolewa. Mwingine, uliozoeleka kwenye magari mengi ya Ulaya, ni wa nafasi 60 ambapo meno mawili yameondolewa. Pengo hilo ndilo huiambia kompyuta kwamba mzunguko mpya umeanza, na baada ya hapo inahesabu jino moja moja. Katika gurudumu la nafasi 36 kila hatua ni digrii 10, na katika lile la 60 kila hatua ni digrii 6. (Gurudumu la nafasi 60 lina uzuri wake ambao hunifurahisha kila mara: idadi ya mizunguko kwa dakika huwa sawa na idadi ya nafasi zinazopita mbele ya sensa kwa sekunde, kwa hiyo mizunguko 8,000 kwa dakika ni nafasi 8,000 kwa sekunde, na fundi hahitaji kikokotoo.)

Sasa tufikirie kelele ya umeme kutoka kwenye koili (kifaa kinachozalisha umeme mkali wa plagi) au alternata imeingia kwenye waya wa sensa, na kompyuta ikaihesabu kama jino. Katika gurudumu la nafasi 36, itaamini kwamba krenki imetangulia digrii 10 kuliko ilivyo kweli, na moto uliotakiwa kuwaka digrii 28 kabla ya pistoni kufika juu utawaka digrii 38 kabla. Kompyuta itajisahihisha ikilikuta pengo tena, lakini kosa likijirudia kila mara injini inapopandishwa kasi, mchanganyiko wa hewa na petroli utakuwa unalipuka huku pistoni bado inapanda, injini itagonga, na pistoni itatoboka. Mwenye gari akiitoa na kuishika mkononi, ataona shimo na kusema jedwali la moto, yaani tarakimu ndani ya kompyuta zinazosema plagi iwake lini, lilikuwa kali mno. Jedwali lilisema 28. Aliyeiambia kompyuta uongo ni waya uliopitishwa sambamba na waya za plagi kwa sababu fundi alikuwa anaokoa nusu mita.

Mwandishi wenu aliuliza kwa nini vijana hawa wasiiache distribyuta ya kiwandani (kifaa cha zamani kinachogawa moto kwa plagi) mahali pake. Swali ni halali na linastahili jibu la kweli. Chukueni injini ambayo wengi huanza nayo, yaani 4A-GE ya Toyota, iliyotoka mwaka 1983 ikiwa na ujazo wa sentimita za ujazo 1,587, kipenyo cha silinda milimita 81 na mwendo wa pistoni milimita 77. Ni injini inayopenda kuzunguka, na ndiyo sababu inatafutwa hadi leo. Iliyo kwenye gari langu ina distribyuta yenye diski ya meno 24, lakini diski hiyo inazungushwa na kemshafti (mhimili unaofungua valvu), ambayo huzunguka mara moja wakati krenki inazunguka mara mbili. Kwa hiyo jino moja huwakilisha digrii 30 za krenki, na kati ya jino na jino kompyuta inakisia. Gari likitembea kwa mwendo wa kawaida, makisio hayo yanatosha, na Toyota hawakukosea kuyatumia. Lakini injini iliyopunguziwa uzito wa flaiwili (gurudumu zito mwishoni mwa krenki) hupanda kasi ghafla, kemshafti inavutwa na mkanda unaonyumbuka, gia za distribyuta zimelegea kwa umri, na makisio yanaachwa nyuma.

Kuna jambo la pili, la koili, ambalo makala haikuligusa kabisa. Injini ya silinda nne kwa mizunguko 8,000 inahitaji cheche karibu 267 kila sekunde. Ikiwa koili ni moja tu, kama ilivyo kwenye mfumo wa distribyuta, kutoka cheche hadi cheche ni milisekunde 3.75, na koili nyingi huhitaji milisekunde 3 hivi ili kujaa vizuri. Nafasi iliyobaki ni finyu mno, na ndiyo maana injini hizo huanza kukohoa juu kabisa hata kama petroli ipo ya kutosha. Ukiweka koili mbili, kila moja ikiwasha plagi mbili kwa pamoja, moja ikiwa kwenye mgandamizo na nyingine kwenye mkupuo wa moshi ambako cheche yake hupotea bila madhara, kila koili inapata milisekunde 7.5. Mfumo huo una faida nyingine kwa mtu mwenye fedha kidogo, kwamba hauhitaji sensa ya kemshafti, kwa kuwa kompyuta haina haja ya kujua ni silinda ipi kati ya zile mbili iliyo kwenye mgandamizo. Ushauri wangu kwa kijana anayejenga gari lake la kwanza ni kuanza hivyo, na kuachana na tamaa ya kuwasha kila nozeli (kinyunyizio cha petroli) kwa zamu yake mpaka mambo ya msingi yatulie.

Naomba sasa niseme kosa langu mwenyewe, ili isionekane natoa mawaidha nikiwa juu ya mti. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa Arua aliniletea Corolla yenye injini ya namna hiyo, akiwa ameiwekea kompyuta ya Speeduino, ambayo ni kompyuta ya wazi inayojengwa juu ya bodi ya Arduino Mega 2560 na ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma michoro yake na kuiunganisha kwa mkono. Gurudumu la meno alikuwa amekatiwa kwa grenda katika karakana moja ya Katwe, kwa kufuata mchoro wa karatasi uliobandikwa juu ya bamba. Injini iliwaka vizuri, ikatulia vizuri, ikavuta vizuri mpaka mizunguko 5,000 na ushee. "Mzee, ikifika elfu sita inakata kama mtu amezima swichi," aliniambia. Nami nikamjibu kwa ujasiri wote, "Kijana wangu, hiyo ni tuning tu, niachie."

Nilimwachia hasara ya wiki tatu. Niliongeza petroli kwenye jedwali, nikaipunguza, nikabadilisha plagi, nikabadilisha koili, nikamfanya anunue pampu ya petroli ambayo hakuihitaji. Hatimaye niliazima osiloskopu (kifaa kinachoonyesha mawimbi ya umeme) kwa fundi wa redio, nikaiunganisha kwenye waya wa sensa, na jibu likawa limeandikwa pale kwenye kioo. Mawimbi ya meno yalikuwa yanapanda na kushuka kama mgongo wa kilima, kwa sababu gurudumu halikuwa duara kamili, na wimbi la jino moja lilikuwa fupi kuliko mengine yote. Kifaa kinachoyasafisha mawimbi ya sensa ya sumaku kabla ya kuyapeleka kwa kompyuta huweka kizingiti chake kwa kufuata urefu wa mawimbi yaliyotangulia. Jino fupi likifuata baada ya meno marefu, linaweza kupita chini ya kizingiti na kuhesabika kama halipo. Kompyuta ikaona mapengo mawili katika mzunguko mmoja, ikapoteza hesabu, ikakata moto. Ilikuwa inafanya jambo la busara kabisa, na mimi nilikuwa naiadhibu.

Kwa nini lilitokea kwenye 6,000 na si kwenye 3,000? Kibano cha sensa kilikuwa kimetengenezwa kwa bati jembamba lililokunjwa mara moja, na kwenye kasi ile kilikuwa kinatetemeka kiasi cha kubadilisha nafasi kati ya sensa na meno. Nafasi hiyo kwa kawaida ni kama milimita moja hivi, kwa hiyo mtikisiko mdogo usioonekana kwa macho ni sehemu kubwa ya nafasi yote. Tulitengeneza gurudumu jipya, safari hii likakerezwa kwenye mashine likiwa tayari limefungwa kwenye puli yake, na kibano kikatengenezwa kwa bamba nene lenye mguu wa pembetatu uliofungwa moja kwa moja kwenye bloku ya injini. Kisha nikarudisha faili la kwanza kabisa la kompyuta, lile ambalo kijana alikuja nalo, na injini ikapanda hadi 8,000 bila kukohoa. Pampu ya petroli nilimlipa.

Baada ya hapo nimejifunza kuuliza maswali mawili kabla ya kufungua laptopu. Swali la kwanza ni aina ya sensa. Sensa ya sumaku yenye waya mbili haihitaji umeme kutoka nje. Huzalisha wake yenyewe, na umeme huo hutegemea kasi: stata inapozungusha injini taratibu unaweza kuwa chini ya volti moja, na kwenye kasi kubwa ukafika makumi ya volti. Waya zake mbili zinafanana, lakini zikigeuzwa, wimbi linapinduka, na kompyuta inaanza kusoma upande wa mteremko badala ya ule mkali unaoonyesha katikati ya jino. Injini itawaka, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu taimingi (wakati wa kuwasha plagi) itakuwa inahama kadiri kasi inavyopanda, na kwenye pengo hesabu itavurugika. Sensa ya Hall yenye waya tatu hupewa volti 5 au 12 kutegemea aina yake, na hutoa wimbi la mraba lenye urefu uleule iwe kasi ndogo au kubwa, mradi tu rezista ya kuvuta volti ya waya wake juu ipo. Rezista hiyo ni ya bei ndogo kuliko rolex moja ya asubuhi (chapati iliyoviringishwa na mayai), na nimeona gari lililolala gereji miezi miwili kwa kuikosa. Kwa mtu anayeanza, mimi humshauri atumie Hall, ingawa wenzangu kadhaa wa mtaa huu hawatakubaliana nami.

Swali la pili ni njia ya waya. Waya za sensa zinapaswa kusokotwa pamoja na kufunikwa kwa wavu wa chuma, na wavu huo uungwe athi (njia ya kurudishia umeme) upande mmoja tu, upande wa kompyuta. Ukiungwa pande zote mbili, wavu wenyewe unakuwa njia ya umeme unaotafuta athi, na kinga inageuka kuwa mlango. Na zipitishwe mbali na koili, hata kama njia ni ndefu.

Baada ya hapo ndipo kazi ya kompyuta inaanza, na hapa nakubaliana na mwandishi wenu kwa sehemu moja: majedwali yanayonakiliwa kutoka kwenye magari ya watu wengine ni balaa. Sababu mojawapo ni mwinuko. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni kilopaskali 88 hivi, wakati pwani ya Mombasa ni 101. Injini isiyo na turbo, hata mwenye gari akikanyaga mafuta mpaka sakafuni, haiwezi kuvuta zaidi ya hewa iliyopo. Kwa hiyo faili lililotengenezwa pwani, au Japani, ambalo mistari yake hufuata kanieneo ya hewa inayoingia kwenye injini, lina mistari ya juu kabisa ya kilopaskali 95 na 100 ambayo gari la Kampala halitaifikia kamwe, na mstari wake wa nguvu zote ni ule wa 88, ambao aliyelitengeneza faili hilo aliupita tu njiani kwenda juu. Kibaya zaidi ni kwa injini za vali 20 zenye vipepeo vinne vya hewa, ambazo wengi huzirekebisha kwa kufuata pembe ya kipepeo peke yake. Pembe haijui mwinuko. Gari lililorekebishwa Entebbe na kupelekwa mashindano ya Kabale, kwenye karibu mita 2,000, litapewa petroli ileile kwa hewa iliyopungua, isipokuwa fundi amefunga sensa ya pili ya kupima kanieneo ya hewa ya nje.

Upande wa petroli una mpimaji wake, kwani sensa ya oksijeni ya wigo mpana iliyofungwa kwenye ekzosi itamwambia fundi kama injini inapata uwiano wa hewa kwa petroli wa 12.5 hadi 13 unaofaa kwa nguvu zote, au inakaribia 14.7 ambako si mahali pa kuwa kwenye mizunguko 8,000. Taimingi haina sensa kama hiyo. Kuna taa ya taimingi tu, kile kifaa cha zamani ambacho vijana wengi wenye laptopu wanakiona ni cha babu zao, na hicho ndicho ningependa wasomaji wenu wakidai wanapolipa fedha zao.

Ombi langu kwa wenye magari ni hili. Kabla fundi yeyote hajabadilisha tarakimu moja ya jedwali, mwambieni aifunge taimingi ya kompyuta kwenye digrii 10 thabiti, apake alama nyeupe kwenye puli, na aimulike kwa taa mbele ya macho yenu injini ikiwa imetulia. Kisha apandishe mpaka 4,000 na zaidi, taimingi ikiwa bado imefungwa palepale, na mtazame alama hiyo. Ikibaki mahali pake, sensa na kompyuta zinaelewana. Ikianza kutembea, kuna waya zilizogeuzwa au kuna ucheleweshaji ambao haujasahihishwa, na kila saa ya tuning itakayofuata ni fedha inayotupwa kwenye mfereji wa Nakivubo. Jambo hili huchukua dakika kumi. Fundi anayekataa kulifanya ana sababu zake, na sababu hizo si za kuwafaidi ninyi. Vilevile dai faili lako likiwa limehifadhiwa mahali unapoweza kulipata, maana nimepokea magari ambayo wenyewe hawana nakala ya kitu walichokilipia.

Lipo jambo ambalo kompyuta haiwezi kulisaidia kabisa, nalo nalitaja kwa haki. Kwenye mizunguko 8,000 pistoni ya injini niliyoitaja husafiri kwa wastani wa mita 20.5 kwa sekunde, na springi za valvu zilizochoka hazirudishwi ujana na programu yoyote. Kikomo cha mizunguko kiwekwe kwa kufuata uwezo wa springi na boliti za koneroo (mkono unaounganisha pistoni na krenki), hata kama jedwali lina nafasi ya kwenda mbele. Na ikumbukwe kwamba kikomo hicho nacho hutegemea meno yaleyale, kwani kompyuta isiyojua kuhesabu meno haijui pia injini inazunguka kwa kasi gani.

Lile gurudumu la kwanza la Katwe bado ninalo. Nimelitundika kwenye msumari juu ya meza yangu ya kazi, na lile jino fupi nimelipaka rangi nyekundu ili wanafunzi wangu walione bila kuuliza. Mwandishi wa makala ile akipita Ndeeba, karibu sana. Osiloskopu sasa ninayo yangu, na nitamwonyesha wimbi lake.

Wenu,
Fundi wa umeme wa magari,
Ndeeba, Kampala